Kauboi wa Makochi

Ukimpelekea fundi huyu kochi lako, nenda na moyo wa subira, na nyumbani uwe umebakiza mahali pengine pa kukalia. Si mvivu, tusimsingizie mtu wa watu. Mbao anaipima vizuri, springi akizifunga zimefungika, na msumari alioupigilia yeye hautoki mpaka kochi lichomwe moto. Tabu yake ni moja tu: haamini kochi limekamilika mpaka yeye mwenyewe alikalie filamu nzima, toka mwanzo hadi mwisho, na filamu yenyewe sharti iwe ya kauboi. Kochi la watu watatu hulikalia filamu tatu, kila nafasi na yake, kwa madai kwamba nafasi ya katikati ina siri zake. Mwenye mali akija kuulizia, humkuta fundi kajinyoosha juu ya kitambaa kipya, mikono kisogoni, naye humjibu bila kugeuza shingo kwamba kazi bado iko kwenye majaribio.

Mtaa mzima unamwita Kauboi. Jina alijipa mwenyewe, halafu watu walipolipokea akajifanya limemshtua. Ana kofia pana ya ngozi ya bandia, masalio ya viti vya basi fulani, na jua likiwaka kofia hiyo hunuka basi zima pamoja na abiria wake. Ana mkanda wenye chuma mbele kikubwa kama kisosi. Hutembea kapanua miguu kama mtu aliyeshuka farasini sasa hivi, na farasi hajampanda hata siku moja. Mnyama pekee aliyewahi kumkalia ni punda wa mchota maji, na punda huyo alimbwaga kwenye matope mbele za watu. Hadithi hiyo utaisikia kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Lakini maoni! Lo, maoni anayo. Atakwambia filamu ziliisha siku walipoanza kuzitia rangi. Zamani vumbi lilikuwa vumbi, ukiliona tu kwenye kioo unakohoa. Siku hizi linatengenezwa na kompyuta, halimwingii mtu hata puani. Kauboi wa zamani alipigana na genge zima baani na kofia isidondoke, na huo ndio uanaume, kofia kukaa mahali pake. Ukimuuliza bastola ya risasi sita iliwezaje kulaza watu kumi na wawili, anakutazama kwa huruma na kukujibu kwamba bastola zile zilitengenezwa na watu waliojali kazi. Hata jambazi alikuwa na adabu zake: alicheka kwanza, ndipo akafa. Leo je? Leo shujaa analia. Leo shujaa anapigiwa simu na mama yake katikati ya vita, na anapokea. Akifika hapo fundi hutema mate pembeni kwa dharau, kisha huyafuta haraka kwa soli ya kiatu, maana mkewe hapendi uchafu.

Na juu ya yote, kauboi wa zamani alijua kusema. Maneno machache, kila neno limepimwa. Hapo fundi hukunjua mgongo na kukutajia moja, kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

Sasa uliza, hayo maneno aliyapata wapi? Filamu zile zilisemwa kwa lugha ya mbali ambayo fundi wetu hajui hata salamu yake. Aliyapata ukumbini, enzi za ujana wake. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, mashine ikanguruma nyuma, na kando ya shuka akasimama bwana mmoja mwenye kipaza sauti, yuleyule aliyekata tiketi mlangoni. Walimwita Mkalimani. Kauboi akifungua mdomo kwenye shuka, Mkalimani naye anafungua wake, na ukumbi wote unajua kilichosemwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu ana kipaza sauti, utamuuliza nini?

Filamu ambayo fundi aliipenda kuliko zote ilikuwa ile ya daraja. Kauboi wa kwenye shuka kagombana na mkewe, mke kaondoka, kauboi kamfuata kwa farasi mpaka kwenye daraja la mbao. Pale anavua kofia. Anapiga goti. Anasema neno, mwanamke analia, kisha wote wawili wanapanda farasi mmoja na kurudi nyumbani. Mkalimani alifafanua kila kitu. Kofia ilivuliwa kwa sababu ya joto. Goti lilipigwa kwa sababu risasi ilidondoka, jamaa alikuwa akiitafuta kati ya mbao. Na neno alilolisema akiwa kule chini, huku anapapasa, lilikuwa hili: "Mwanamume akiomba msamaha, hata farasi wake hamwamini tena." Mwanamke alilia kwa sababu somo lilikuwa limemwingia. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na kijana fundi akaondoka na sentensi ile, akafunga nayo ndoa kabla hajamwoa mke.

Tangu hapo hajamwomba mtu msamaha. Akikukanyaga sokoni, mguu wako ndio uliokuwa njiani. Aliwahi kutengeneza kochi likakataa kuingia nyumbani kwa mteja. Akaukagua mlango juu hadi chini, akatikisa kichwa, akasema mlango huu una kasoro. Watu walicheka, naye akadhani wanamheshimu.

Wa kumvumilia alikuwa mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Sindano, na jina hilo hakujipa. Karakana yao ni chumba kimoja kirefu. Upande wa ndani ni wa mume: mbao, gundi, sponji, mikebe ya misumari, na televisheni nene ya kizamani yenye mgongo wake. Upande wa mlangoni ni wa mke: cherehani, marobota ya vitambaa, chaki, na mkasi ambao mtu mwingine akiugusa anatafuta maneno. Mbao za mume, kitambaa cha mke, ndivyo walivyogawana tangu walipoanza. Na tusifichane, watu walikuja kwa ajili ya kitambaa. Ule ukingo wa kamba unaozunguka mto wa kochi, Mama Sindano aliushona ukanyooka utadhani umechorwa kwa rula, na pembe zake hazikukunjamana hata watoto wakirukia. Kila jirani alilijua hilo. Kauboi pia alilijua, ila halikuwahi kumtoka mdomoni, kwa vile kauboi hasemi ovyo.

Basi siku moja akaja meneja wa zahanati mpya, kuangalia viti vya kwanza vya chumba cha kusubiria wagonjwa. Alikuja na wageni wawili waliovaa vizuri, wenye viatu visivyojua vumbi. Meneja aliinama, akapitisha kidole juu ya ukingo wa mto, pole pole, akazunguka pembe zote. Akauliza mshono huu ni wa nani.

Mama Sindano alikuwa amesimama palepale, futi shingoni na sindano kati ya midomo, kwa hiyo hakuweza kujibu upesi. Kauboi aliweza. Alichomeka vidole gumba mkandani, akasema, "Ni mkono huu huu. Mama hapa hunisaidia kufagia."

Wageni wakamgeukia Mama Sindano, wakamtabasamia kama watu wanavyomtabasamia mfagiaji. Mmoja, kwa wema wake, akasogeza miguu kidogo ili asimzuie kufagia.

Mama Sindano alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa, akasubiri wageni watoke mpaka mlio wa gari lao upotee. Kisha akamwambia mumewe anataka mambo mawili: amwombe msamaha, na amfuate yule meneja akamwambie ukweli. Hakupandisha sauti. Kauboi akakunja uso, akatazama mbali, yaani ukutani, maana chumba hakina mbali nyingine, akamtolea ile ya farasi.

"Farasi gani?" mkewe akauliza.

Mama Sindano akaufunga mkasi wake kwenye kitambaa, akauweka mkobani, akaenda zake kwa mdogo wake, ng'ambo ya soko.

Siku za mwanzo Kauboi alijipa moyo kwamba atarudi. Mbona yule wa darajani alirudi? Kwamba yule wa darajani alifuatwa, tena kwa farasi, tena mbio, hilo halikumpitia kichwani. Akaketi kwenye kochi la mtu akitazama filamu moja baada ya nyingine, akizisifu kwa sauti, na hapakuwa na wa kumjibu wala wa kumwambia apunguze. Viti vya zahanati vilivyobaki vilisimama ukutani mifupa mitupu, mbao na sponji. Akaona si kitu, kushona ni kushona. Akakaa kwenye cherehani ya mkewe, akakanyaga pedeli kwa ushujaa mkubwa, na alipomaliza alikuta ameushona mkono wa shati lake pamoja na mto. Jirani yake kinyozi ndiye aliyekuja kulikata shati kumtoa. Na ule mto wenyewe, baada ya kukombolewa, ulikuwa umevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu.

Tuseme kweli, alimkosa mkewe. Alimkosa mpaka chai ikawa haina ladha, na si kwamba alisahau sukari, ingawa alisahau. Alikuwa amezoea mlio wa cherehani ukienda sambamba na mlio wa bastola, na sasa bastola zikilia zenyewe alijihisi mpweke. Mara kadhaa alitoka akaelekea ng'ambo ya soko. Kila mara alifika kwenye kona ya nyumba ya shemeji yake, akasimama, akamkumbuka farasi, akarudi na mfuko wa vitunguu asivyovihitaji.

Wana binti mmoja, mfanyakazi wa duka la dawa, mwenye akili ya mama na ulimi wa baba. Huyo ndiye aliyekuja kumwambia habari yenyewe ilipofikia. Mama anatafuta chumba. Si cha kulala, cha kazi, chenye dirisha, na akikipata anahamishia cherehani yake huko na yeye mwenyewe pamoja nayo. Hana hasira tena, alisema binti, na hilo ndilo linalomtisha yeye. Neno moja la msamaha lingetosha, lakini liwe limesemwa kabla chumba hakijapatikana.

Kauboi akavuta pumzi, akakaa wima, akaanza, "Mwanamume akiomba msamaha..." Binti akamkatiza. Akamwambia Baba, hiyo nimeisikia tangu nanyonya. Akamuuliza, ile filamu inapatikana? Kauboi akacheka kwa majonzi, akasema filamu kama ile haipatikani tena, ilikwenda na watu wake. Binti akamwomba amsimulie kidogo, akabonyezabonyeza simu yake, na haikuchukua muda akaipata, daraja na kila kitu, na maandishi ya Kiswahili chini yake.

Ungemwona Kauboi! Alifuta kioo cha simu kwa shati kama anamwosha mtoto uso. Wakakaa baba na binti kwenye kochi la mteja, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa misumari, naye akafurahi kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu mkewe aondoke. Alimwonyesha binti farasi, akamsifia vumbi, akamwambia tazama kofia ile, tazama ilivyokaa. Aliwataja watu kabla hawajatokea na akawaonya wasiende walikokwenda. Alisema sasa ndio utajua baba yako alilelewa na nini. Binti alitulia tu, anangoja daraja.

Daraja likafika. Yule bwana akashuka, akavua kofia. "Joto," alisema Kauboi. Yule bwana akapiga goti. "Risasi hiyo," alisema Kauboi. Midomo ikacheza, na chini ya kioo yakaja maandishi meupe, madogo, yaliyonyooka:

"Nisamehe. Nilikukosea mbele za watu. Sina neno jingine."

Mwanamke akalia. Wakapanda farasi mmoja, wakaenda zao.

Kauboi akamwambia binti arudishe. Akarudisha. Kofia, goti, nisamehe. Arudishe tena. Nisamehe. Mara ya tatu fundi alikuwa amesogea mpaka pua inagusa kioo, akiitafuta ile risasi kwenye mbao za daraja, na risasi haikuwepo, haikuwahi kuwepo. Akasimama. Akasema hawa walioandika haya ni vijana wa siku hizi, wasiojua kitu, waliokwisha kuharibu filamu mpya na sasa wamehamia kwenye za zamani. Binti akamwambia hata asiyejua kusoma anaona mtu aliyepiga goti anafanya nini. Kauboi akasema atamwendea mwenye neno lake. Akachukua kofia, akatoka.

Mkalimani yupo bado. Mzee sasa, kazi yake ileile, anakata tiketi, ila siku hizi ni za choo cha kulipia kilicho nyuma ya soko. Amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, boksi la karatasi za chooni pembeni yake, na sauti bado anayo. Akikuambia "upande wa kushoto" unahisi kuna jambo kubwa linakungoja huko kushoto.

Kauboi alimsalimu kwa heshima zote, akachuchumaa kando ya kiti, akamweleza kilichoandikwa kwenye simu ya binti. Alimwomba amthibitishie kwamba ni uongo. Watu wenye haja zao walipita kando yao, mzee akikata tiketi bila kuangalia.

"Lugha ile?" mzee akasema. "Mwanangu, sikuijua hata neno. Watu walikuwa wameshalipa, ningenyamaza?"

Kauboi akamuuliza na ile ya farasi je. Mzee alimpa mama mmoja tiketi yake, akamwelekeza kulia. Kisha akasema ile aliitunga mwenyewe, siku ileile, na hakuitungia ukumbi. Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani kwa kosa lake yeye mzee, na jioni ile mke akaja ukumbini, akakaa benchi la nyuma na mzigo wake mapajani. Mzee alijua kabisa mkewe amekuja kusikiliza nini. Ilipofika pale darajani, Mkalimani alimwona yule bwana kwenye shuka anapiga goti, akajua wazi anachosema, haihitaji lugha. Akaona aibu. Kipaza sauti mkononi, watu wote wanamtazama, akasema ya farasi.

"Alitoka kabla filamu haijaisha," mzee akasema. "Sijamtia machoni tena. Wewe ulikuwa mbele kabisa, umesimama juu ya benchi unapiga makofi. Uliniziba, sikuona hata alikopitia."

Kauboi alibaki kachuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hasira aliitafuta akaikosa, na fedheha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. Umri wote ule ameutembea kapanua miguu, kumbe alikuwa amebeba ugomvi wa nyumba ya mtu mwingine, tena ugomvi ulioshindwa. Mzee akamgusa bega, akamwomba asogee, anazuia mlango.

Safari hii kwenye kona hakusimama. Shemeji yake alikuwa barazani anaanika nguo. Alimwona, akambana kwa macho toka kofia hadi viatu, akamkaribisha vizuri kabisa na kumuuliza farasi amemfunga wapi. Kisha Kauboi akaelekezwa ndani, kwenye chumba cha mbele, ambako Mama Sindano alikuwa anapinda pazia la jirani kwenye cherehani ya kuazima.

Alisimama mbele yake akaanza kueleza. Mtu aliyesifia maneno machache aliongea mpaka uzi ukakatika na kutiwa mwingine. Alieleza simu, maandishi, joto ambalo halikuwa joto, risasi isiyokuwepo, Mkalimani na choo chake, na mke wa Mkalimani na mzigo wake. Mkewe alimsikiliza bila kuacha kazi. Alipofika mwisho akavua kofia, akasema nisamehe, nimekukosea mbele za watu, sina neno jingine.

Mama Sindano akainua mguu kwenye pedeli.

"Hiyo ni ya yule wa kwenye filamu," akasema. "Umeikariri kama ulivyoikariri ile. Yako iko wapi?"

Hapo ndipo Kauboi alipojua kwamba hana. Alitafuta kichwani, kila alichokishika kilikuwa cha mtu mwingine, chenye farasi ndani yake. Jasho likamtoka, na hilo lilikuwa joto kweli. Kisha akasema, kwa sauti nyembamba ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba:

"Nilikuona umesimama na sindano mdomoni. Nilijua huwezi kujibu. Ndiyo maana niliharakisha."

Machozi yalimlengalenga mkewe, akayarudisha, akavuta pazia.

"Hilo nilikuwa nalijua," akasema. "Mimi huna jipya la kuniambia. Asiyejua ni yule meneja."

Akakanyaga pedeli, na kwa mlio ule Kauboi akaelewa mazungumzo yameisha.

Zahanati ilikuwa imejaa. Wagonjwa wamekaa kwenye viti vichache vilivyokwisha kuletwa, wengine wamesimama wameegemea kuta, mtoto mmoja analia kwa mfululizo usio na nukta. Kauboi alipanga kumwita meneja faragha, aseme upesi, aondoke. Lakini meneja alikuwa katikati ya chumba, mafaili kifuani, na alipomwona akamuuliza viti vyangu viko wapi. Kauboi akamwambia amekuja kwa habari ya mshono. Meneja akauliza mshono gani.

Hakukumbuka! Hakukumbuka swali, hakukumbuka jibu, hakukumbuka mama wala ufagio. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kutokea. Angesema "hamna kitu, bosi," akarudi kwa mkewe akaapa amekwisha kusema, na nani angemjua? Kauboi aliutazama mlango ule. Kisha akaanza mwanzo. Akaeleza kwamba siku ile meneja alipitisha kidole kwenye ukingo, akauliza nani kashona, na yeye akasema ni mkono wake, na kwamba mwenye mkono alikuwa amesimama hapohapo, na yeye Kauboi akamwita mfagiaji. Mzee mmoja wa nyuma akasema hasikii, aongeze sauti. Kauboi akarudia kwa nguvu. Mtoto akanyamaza. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa aliinama akaupapasa ukingo wa kiti chake, akamtazama fundi kwa jicho ambalo fundi atalikumbuka.

Meneja akahamishia mafaili kwapa la pili. "Sasa mshono ni wa mkeo," akasema. "Wewe kazi yako ni ipi?"

"Misumari," Kauboi akasema.

Watu wakacheka, chumba kizima, hata waliokuja na homa. Meneja akasema basi kuanzia leo ataongea na huyo mama moja kwa moja, hawezi kusubiri zaidi, na akaomba namba yake ya simu. Kauboi alijua maana yake. Meneja akiwa na namba ile hatahitaji tena kupitia kwake, na Mama Sindano mwenye kazi yake mkononi anaweza kukodi chumba chochote anachokitaka, chenye madirisha pande zote. Akaitaja namba polepole, tarakimu moja moja, meneja akiandika. Halafu Kauboi akamwomba aisome tena, asije akawa amekosea.